Parkinson: Jinsi mazoezi yanavyosaidia dalili ambazo macho hayazioni

Mkono unaotetemeka, hatua fupi za kuburura miguu na uso usioonyesha hisia ni alama ambazo watu wengi huzihusisha na ugonjwa wa Parkinson. Hata hivyo, kwa wagonjwa wengi mzigo mzito zaidi ni ule usioonekana: usiku usio na usingizi, huzuni isiyokoma, choo kinachokawia kwa siku kadhaa, na uchovu unaomkuta mtu kitandani kabla hajaianza siku.

Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba mazoezi ya viungo, ambayo kwa muda mrefu yalihimizwa kwa ajili ya kuboresha mwendo, yanaweza pia kupunguza baadhi ya dalili hizo zilizofichika. Jambo hilo lina uzito wa pekee katika mji kama Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, ambako huduma za kibingwa za mishipa ya fahamu ni haba, na ambako jamaa wa mgonjwa mara nyingi huona kuwa wajibu wao wa kwanza ni kumpumzisha.

Ugonjwa wa Parkinson ni nini?

Ugonjwa huu ulipewa jina la daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyeueleza mwaka 1817 katika chapisho lake kuhusu wagonjwa sita. Chanzo chake ni kufa polepole kwa seli za sehemu ya ubongo inayotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mwendo wa mwili. Kufikia wakati mtetemeko unapoonekana, sehemu kubwa ya seli hizo huwa imekwisha kupotea.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na Parkinson, na kwamba idadi hiyo iliongezeka maradufu ndani ya robo karne. Kwa mujibu wa shirika hilo, ulemavu na vifo vinavyotokana na Parkinson vinaongezeka kwa kasi kuliko vile vinavyosababishwa na ugonjwa mwingine wowote wa mishipa ya fahamu.

Umri mkubwa ndio unaoongeza zaidi uwezekano wa kuupata, ingawa vijana na watu wa makamo nao huweza kuugua. Sudan Kusini ni nchi yenye vijana wengi, na mijadala kuhusu magonjwa ya ubongo imeelekezwa zaidi kwenye malale na kwenye ugonjwa wa kutikisa kichwa ulioathiri watoto katika maeneo ya Mundri na Maridi. Katika hali hiyo, mzee anayeanza kwenda polepole na kuzungumza kwa sauti ya chini huweza kuhesabiwa kuwa amezeeka tu.

Dalili ambazo jirani hazioni

Madaktari huzigawa dalili za Parkinson katika makundi mawili. La kwanza ni dalili za mwendo: mtetemeko wa kiungo kilichotulia, kukakamaa kwa misuli, mwendo wa polepole na kupoteza mizani. La pili ni dalili zisizo za mwendo, nazo ni nyingi kuliko za kundi la kwanza.

Baadhi yake hutangulia mtetemeko kwa miaka. Mtu hupoteza uwezo wa kunusa, hata harufu ya kahawa inayokaangwa au ya samaki isimfikie. Choo hufunga. Usingizini hupiga mateke, hupaza sauti au kurusha mikono kana kwamba anapigana, kwa sababu utaratibu wa ubongo unaoulegeza mwili wakati wa ndoto huwa umeharibika. Anayelala naye huogopa, na tukio hilo huweza kudhaniwa kuwa ni la mapepo.

Nyingine huja baadaye au huandamana na ugonjwa wakati wote: sonona, yaani huzuni kubwa inayodumu, wasiwasi, kukosa hamu ya jambo lolote, kusahau na kushindwa kupanga mambo, kukojoa mara kwa mara usiku, maumivu, uchovu, na kizunguzungu cha ghafla mtu anaposimama, kwa kuwa shinikizo la damu hushuka.

Tafiti nyingi zinakadiria kuwa takriban theluthi moja ya wagonjwa huwa na dalili za sonona zenye uzito wa kitabibu. Zaidi ya nusu husumbuliwa na kufunga choo. Dalili hizi hutokea kwa sababu ugonjwa hauishii kwenye seli za dopamini pekee. Hugusa pia mishipa ya fahamu ya utumbo, ile inayoongoza moyo na mishipa ya damu, na sehemu za ubongo zinazotawala usingizi na hisia.

Hapo ndipo ugumu wa tiba unapoanza. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, hurudisha dopamini na kumwezesha mtu kutembea vizuri zaidi, lakini haifikii dalili nyingi zisizo za mwendo. Baadhi ya dawa za Parkinson huweza hata kuzidisha kushuka kwa shinikizo la damu, au kuleta njozi. Kwa hiyo njia yoyote nyingine inayoweza kupunguza mzigo huo bila kuongeza kidonge ina thamani kubwa.

Heshima inayomkalisha mzee

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, na Juba haiko nje ya desturi hiyo, mzee anayeugua hapewi kazi. Huwekewa kiti chini ya mti au kwenye kivuli cha rakuba, huletewa maji na chakula pale alipo, na vijana humzuia asiinuke hata kuchukua kikombe. Hilo hufanyika kwa upendo, na mwenye kulikataa huonekana kuwa hana adabu.

Kwa mgonjwa wa Parkinson, hata hivyo, kukaa kutwa kuna gharama. Misuli isiyotumika hudhoofika, na mwendo uliokwisha kuwa mgumu huzidi kuwa mgumu. Utumbo, ambao tayari ni mzito, hupungukiwa na msukumo. Mtu anayesinzia kitini mchana hukosa usingizi usiku. Anayekaa peke yake huzama katika mawazo, na sonona humwondolea hamu ya kuinuka. Dalili moja huilisha nyingine.

Wataalamu wa tiba ya viungo huona kuwa mazoezi yanaweza kuukata mzunguko huo mahali kadhaa kwa wakati mmoja. Mwili uliotembea asubuhi huwa na njaa ya chakula, utumbo unaosukuma na uchovu wa kweli unaoleta usingizi usiku. Vilevile mazoezi huchochea kemikali za ubongo zinazohusiana na hisia njema, na kwa kawaida humtoa mtu nyumbani akakutana na wenzake.

Utafiti unasema nini?

Mapitio ya mtandao wa kitaaluma wa Cochrane yaliyochapishwa mwaka 2023 yalikusanya majaribio zaidi ya 150 ya mazoezi kwa wagonjwa wa Parkinson kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Yalihitimisha kuwa aina nyingi za mazoezi, zikiwemo densi, mazoezi ya majini, ya nguvu na ya kutembea, huboresha dalili za mwendo na ubora wa maisha. Watafiti hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba aina moja inazipita nyingine kwa mbali. Kwa mgonjwa, maana yake ni kwamba zoezi analolipenda na analoweza kulidumisha ndilo linalomfaa.

Kuhusu dalili zisizo za mwendo, ushahidi una nguvu mahali fulani na ni mwembamba mahali pengine.

Sonona na wasiwasi. Mwaka 2019 watafiti wa Hong Kong walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wagonjwa 138 kwa wiki 8. Kundi moja lilifanya yoga iliyoambatana na kutuliza akili, na kundi la pili lilifanya mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha misuli. Katika mwendo makundi yote mawili yalinufaika kwa kiwango kinachokaribiana, lakini waliofanya yoga walipungukiwa zaidi na wasiwasi na sonona. Ishara iliyopo hapo ni kwamba pumzi tulivu na umakini vina kazi yao kando ya jasho.

Usingizi. Watafiti wa Birmingham, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, waliwafanyisha wagonjwa mazoezi makali ya nguvu mara 3 kwa wiki kwa muda wa wiki 16, kisha wakaupima usingizi wao kwa mitambo ya maabara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa waliofanya mazoezi walilala vizuri zaidi kuliko wenzao waliopewa ushauri wa tabia njema za kulala pekee.

Uwezo wa kufikiri. Nchini Uholanzi, wagonjwa 130 walishiriki jaribio la miezi 6 ambalo kundi moja liliendesha baiskeli ya mazoezi nyumbani mara 3 kwa wiki, dakika 30 hadi 45 kila mara. Dalili za mwendo za kundi hilo zilizidi kwa kiwango kidogo kuliko za wale walionyoosha viungo tu. Picha za ubongo zilizochunguzwa baadaye zilionyesha mabadiliko mazuri katika mawasiliano ya sehemu zinazoongoza mwendo, na waendesha baiskeli walifanya vizuri zaidi katika kipimo cha kuidhibiti akili. Hata hivyo, jaribio hilohilo halikuonyesha tofauti ya wazi katika vipimo vingine vingi vya dalili zisizo za mwendo.

Choo, kibofu, maumivu na uchovu. Hapa tafiti ni chache na ndogo. Kutembea kila siku, kunywa maji ya kutosha na kula mboga hushauriwa na madaktari kwa ajili ya kufunga choo, lakini mgonjwa asitarajie kuwa kutembea peke yake kutamaliza tatizo.

Hakuna utafiti uliothibitisha kuwa mazoezi huponya Parkinson. Kile kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba humpa mgonjwa siku bora zaidi, na kwa wengi humpa usiku bora zaidi.

Somo kutoka Kilimanjaro na Kampala

Sehemu kubwa ya tafiti hizo ilifanyika katika nchi zenye hospitali kubwa na vyumba vya mazoezi. Je, zina maana gani kwa mtu wa Juba? Jibu linaanzia karibu zaidi na nyumbani, kaskazini mwa Tanzania.

Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti kutoka Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye wakazi wapatao 161,000. Matokeo yao ya mwaka 2008 yaliwataja wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kutambuliwa na daktari. Katika mahojiano yaliyofanywa baadaye, wengi waliuita tu ugonjwa wa kutetemeka. Walieleza namna gharama ya dawa ilivyowashinda, na wengine walitafuta msaada kwa waganga wa jadi.

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya mafunzo ya kutembea yaliyotolewa katika eneo hilohilo kwa wagonjwa ambao hawakuwa wameanza dawa. Walifundishwa kupiga hatua kwa kufuata ishara, kama vile mdundo wa kipimo, na mwendo wao ukaimarika. Mafunzo hayo yalipima hatua na wala hayakupima usingizi au huzuni, lakini yalithibitisha jambo moja la msingi: mgonjwa wa kijijini Afrika Mashariki, asiye na dawa wala mashine, anaweza kufanya mazoezi yenye mpangilio na kunufaika nayo.

Nchini Uganda kikwazo kingine ni imani. Katika jamii ya Waganda kuna hali iitwayo obuko, kutetemeka kunakosemekana kumpata mtu aliyevunja mwiko wa heshima kati yake na wakwe zake. Mtu mwenye Parkinson huweza kutazamwa kwa jicho hilo, akajificha kwa aibu. Ndiyo maana shirika la hiari lililoanzishwa na Hannington Kabugo liliitwa Parkinson's Si Buko Uganda, jina linalotangaza kuwa Parkinson si obuko.

Habari za Kampala zinawahusu watu wa Juba moja kwa moja. Barabara ya Juba hadi Nimule ndiyo njia ya wagonjwa wengi wanaovuka mpaka kutafuta vipimo na madaktari bingwa. Njia ya zamani ya kwenda Khartoum imekuwa ngumu tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili mwaka 2023. Anayejificha nyumbani kwa sababu ya aibu hafanyi safari hiyo, wala hatoki nje kutembea.

Kwanza, uhakika wa ugonjwa

Kabla ya mpango wowote wa mazoezi, mgonjwa anapaswa kuonwa na daktari. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha Parkinson. Daktari huutambua kwa historia ya mgonjwa na kwa kuuchunguza mwili wake.

Sudan Kusini ina sababu ya ziada ya uangalifu. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, bado upo katika maeneo ya Equatoria, nao huweza kuleta mtetemeko, usingizi wa mchana, kukesha usiku na mabadiliko ya tabia. Malale husababisha kifo usipotibiwa, lakini unatibika. Mtu aliyeishi au kulima katika maeneo hayo anapaswa kumweleza daktari ili apimwe.

Zipo pia dawa zinazoleta hali inayofanana na Parkinson, hasa baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidol na dawa ya kichefuchefu iitwayo metoclopramide. Familia inashauriwa kwenda hospitali na vidonge vyote anavyotumia mgonjwa, pamoja na karatasi zake. Hata hivyo, mgonjwa asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mjini Juba mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Mafunzo ya Juba, ambayo ndiyo hospitali kuu ya rufaa nchini. Kwa upande wa tiba ya viungo, mji huo una kituo cha rufaa cha urekebishaji wa viungo kinachoungwa mkono na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ICRC. Kituo hicho kinajulikana zaidi kwa miguu bandia na viti vya magurudumu.

Mazoezi gani, na kwa kiasi gani?

Wataalamu wa Parkinson hushauri mchanganyiko wa aina nne za mazoezi. Hakuna hata moja inayohitaji ukumbi wa kulipia.

Mazoezi ya moyo na mapafu: mara 3 kwa wiki, dakika 30 kila mara. Kutembea kwa haraka kunatosha. Kipimo rahisi ni pumzi: mtu aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Anayeanza anaweza kutembea dakika 10 mara tatu kwa siku.

Mazoezi ya nguvu: mara 2 hadi 3 kwa wiki, siku zisizofuatana. Kuinuka kitini na kuketi mara 10 bila kutumia mikono ni zoezi kamili la mapaja. Kusukuma ukuta kwa viganja huimarisha mikono na kifua. Chupa mbili zilizojazwa maji hutumika badala ya vyuma.

Mazoezi ya mizani: kila inapowezekana, yakisimamiwa na mtu aliye karibu. Kusimama kwa mguu mmoja huku mkono ukigusa ukuta, kupiga hatua za kando, na kugeuka kwa duara pana badala ya kujipinda ghafla.

Kunyoosha viungo: kila siku, hasa kifua, shingo na nyuma ya miguu, kwa sababu Parkinson humvuta mtu ainame mbele.

Kwa dalili zisizo za mwendo, mambo mawili zaidi yana umuhimu. La kwanza ni mdundo. Ngoma na nyimbo zimejaa katika maisha ya Juba, kutoka harusini hadi kwaya za makanisa, na mgonjwa anayekwama anapotaka kupiga hatua mara nyingi husaidiwa na mdundo unaohesabika. Kucheza ngoma huunganisha hatua, kumbukumbu na furaha ya kuwa na watu. La pili ni wenzake. Anayetembea na jirani au mjukuu huvunja upweke unaolisha sonona, na siku anayojisikia mzito huwa na mtu wa kumwita.

Joto la Juba na hadhari nyingine

Hatari ya kwanza kwa mgonjwa wa Parkinson mjini Juba ni joto. Mwezi Machi mwaka 2024 serikali ilifunga shule kutokana na joto lililotabiriwa kufikia nyuzi 45 za Selsiasi, na mwezi Februari mwaka 2025 shule zilifungwa tena baada ya wanafunzi kuzirai mjini humo. Parkinson huweza kuvuruga utaratibu wa kutoa jasho na ule wa kulinda shinikizo la damu, kwa hiyo mgonjwa huathiriwa na joto mapema kuliko mtu mwenye afya.

Wakati salama ni alfajiri kunapopambazuka, au jioni jua linapokuwa limepoa lakini mwanga ungalipo. Mgonjwa atembee na maji. Katika miezi ya joto kali, mazoezi ya ndani au chini ya kivuli yanatosha. Msimu wa mvua una shida yake, kwani njia za udongo huwa na utelezi na mifereji hujificha chini ya maji. Uwanja tambarare uliokaguliwa ni bora kuliko kando ya barabara yenye bodaboda.

Hadhari ya pili ni kizunguzungu. Mwenye shinikizo linaloshuka anapoamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika kadhaa, achezeshe vifundo vya miguu, kisha asimame taratibu. Akiona kiwi au akisikia kichwa chepesi, aketi mara moja. Anayezirai mara kwa mara asiendelee na mazoezi ya kusimama hadi daktari amwone. Kwa huyo, mazoezi ya kuketi au ya kulala chali ndiyo ya kuanzia.

Hadhari ya tatu ni saa ya dawa. Anayetumia levodopa hufanya mazoezi vizuri zaidi wakati dawa imeanza kufanya kazi na mwili ni mwepesi. Protini nyingi, kama nyama au maharage, huweza kuzuia dawa isifyonzwe vizuri zikiliwa pamoja, hivyo wengi hushauriwa kumeza dawa kama nusu saa kabla ya mlo. Mazoezi makali yasifanywe karibu na saa ya kulala, kwani huweza kuufukuza usingizi uleule unaotafutwa.

Dawa na mazoezi havipingani

Mchanganyiko wa levodopa na karbidopa umo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu, ile ambayo kila nchi inashauriwa kuhakikisha inapatikana kwa wananchi wake. Mwaka 2022 nchi wanachama wa shirika hilo zilipitisha mpango wa dunia wa miaka kumi kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu, utakaodumu hadi mwaka 2031, na upatikanaji wa dawa ni mojawapo ya malengo yake. Shirika hilo pia linakiri kuwa katika nchi nyingi za kipato cha chini dawa hizo hazipatikani, au bei yake haimudiwi.

Kwa sababu hiyo, mazoezi yasichukuliwe kuwa fidia ya dawa zilizokosekana, wala kisingizio cha kutozitafuta. Mgonjwa aliyekakamaa kabisa kwa kukosa levodopa hawezi kutembea dakika 30, hata akitiwa moyo namna gani. Vivyo hivyo, mwenye sonona nzito hataondolewa huzuni kwa matembezi pekee. Anahitaji mazungumzo ya kitabibu na pengine dawa, na kukosa hamu ya mazoezi ni sehemu ya ugonjwa wake. Kumlaumu kuwa ni mvivu humzidishia maradhi.

Familia inaweza kufanya nini?

Wataalamu hushauri familia ianze kwa kuuliza maswali ambayo mgonjwa mwenyewe huona aibu kuyataja. Je, analala? Amepata choo mara ngapi wiki hii? Anaogopa nini? Bado anafurahia yale aliyoyapenda? Majibu yaandikwe katika daftari na kupelekwa kwa daktari, maana katika dakika chache za kuonana naye mtetemeko hujionyesha wenyewe, na mengine husahaulika.

Kisha mzee aachiwe kazi anazoziweza. Kuchambua mboga, kumwagilia miche, kufagia kipande cha ua au kumsindikiza mtoto hadi langoni ni mazoezi, na kwa mtu aliyezoea kuhesabika katika nyumba yake ni heshima pia. Anachohitaji ni muda, kwa sababu mwendo wake ni wa polepole, na mtu wa kumshika akiyumba.

Mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa iwapo ameanguka na kuumia kichwa, amezirai, amekosa choo kwa siku kadhaa huku tumbo likijaa na kuuma, anapaliwa kila anapokula, amechanganyikiwa ghafla au ana homa. Na anayesema kuwa amechoka kuishi asiachwe peke yake. Maneno hayo ni dalili ya ugonjwa kama ulivyo mtetemeko wa mkono, na yanahitaji tiba siku hiyohiyo.